Tripu Nne za Kirikuu

Wiki iliyopita mjomba aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba nyumba ya Mama Mdogo kule Ruangwa imefika pabaya. Kila mtu achange elfu ishirini, itafutwe kirikuu, vijana wanne waingie Jumamosi wakati mwenyewe amepelekwa Mbekenyera kwenye arobaini, na akirudi jioni akute nyumba nyeupe. Watu kumi na mmoja waliweka dole gumba. Mimi niliandika neno moja: "Sikubali."

Nikajibiwa kwamba mimi ni mtu wa mwisho kusema hivyo, maana tulipofanya kazi hiyohiyo Nachingwea mwaka 2019 kwa Mama Mkubwa, mimi ndiye niliyelipa. Kisha nikaambiwa ninyamaze. Kwetu Wamwera mjomba akishasema, amesema.

Ni kweli, mimi ndiye niliyelipa. Basi naona nina ruhusa ya kueleza nilinunua nini.

Mama Mkubwa alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na ukumbi. Kutoka mlangoni hadi kitandani palikuwa na njia ya upana wa mabega ya mtu, na ukipita ulipita kiubavu. Pande zote mbili vitu vilipanda hadi karibu na bati: magunia ndani ya magunia, madumu, chupa, makopo ya mafuta ya kupikia, redio tatu zilizokufa, fremu za baiskeli, mikeka iliyoliwa na mchwa, vitenge ambavyo havijawahi kukatwa, magazeti, viatu vya mguu mmoja. Mifuko ya rambo sijui ilikuwa mingapi, imekunjwa pembetatu na kupangwa kama sambusa. Alipikia nje chini ya mwembe kwa sababu jikoni hapakuingilika. Alilala kwenye ukingo wa kitanda chake mwenyewe, kwa kuwa sehemu iliyobaki ilikuwa na wapangaji.

Sitaki kuipamba nyumba ile. Ilikuwa na panya wa kutosha kuwavuta nyoka. Alisomea Kurani kwa koroboi, na koroboi hiyo ilikaa juu ya rundo la magazeti makavu. Nilikuwa nikija kutoka Mtwara nilikuwa silali, nasikiliza mchakacho na kuhesabu hatua za kufika mlangoni. Mtu asiseme kwamba nawatetea wanaorundika kwa sababu sijaishi nao. Hofu yetu ilikuwa ya kweli, na haya yetu mbele ya majirani yalikuwa ya kweli pia, ingawa nikikumbuka vizuri, tulizungumza sana juu ya majirani na kidogo juu ya moto.

Agosti 2019 Mama Mkubwa alipelekwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Siku tatu. Tukampata mtu aliyejiita kampuni ya usafi, kampuni yenyewe ikiwa kirikuu kimoja, vijana wanne na simu. Tulipatana kwa tripu, elfu thelathini kila moja. Angalia hapo, kwa sababu ubaya wote umekaa kwenye patano hilo. Anayelipwa kwa tripu hana sababu ya kufungua kopo aone lina nini. Kila dakika anayotumia kutazama ni dakika anayojipunja. Kwa hiyo walizoa kwa sepetu. Vyuma wakaviweka pembeni, wakavipeleka kwa mnunuzi wa skrepa na fedha wakaweka mfukoni, nasi tuliona ni sawa tu. Vingine vyote vilikwenda korongoni na kuchomwa. Tripu nne, laki na ishirini. Jioni ile tulifagia, tukanyunyiza dawa, tukaingiza godoro jipya na makochi mawili, tukapiga picha na kuzituma kwenye kundi. Madole gumba yalikuwa mengi.

Alirudi na bandeji kwenye jicho moja. Alisimama mlangoni muda mrefu. Akauliza, "Vitu vyangu viko wapi?" Nikasema, "Shikamoo Mama, tumekusafishia." Hakuitikia shikamoo yangu. Akauliza tena maneno yaleyale, kama vile mimi ndiye nisiyesikia. Halafu akaulizia kitu kimoja tu: kopo la Kimbo lililokuwa chini ya kitanda upande wa kichwani.

Ndani ya kopo lile kulikuwa na karatasi za korosho za msimu wa 2018. Wasomaji wa kusini hawahitaji kuelezwa msimu ule. Wafanyabiashara walileta bei ambayo serikali iliikataa, Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo, kisha ukaja uhakiki wa kuwatenga wakulima na watu wa kangomba, na malipo yakachelewa miezi na miezi. Katika kipindi hicho mkulima alikuwa karatasi yake. Mama Mkubwa alikuwa anadai kilo 212. Piga hesabu: shilingi 699,600. Nililipa laki na ishirini ili kuchoma ushahidi wa karibu laki saba. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, nikadhani daftari litatosha. Alipokwenda kuuliza aliambiwa alete karatasi.

Sisemi kila kopo lilikuwa na laki saba ndani. Mengi yalikuwa makopo matupu. Ila mwenye kujua lipi tupu na lipi si tupu alikuwa mtu mmoja tu, na huyo tulimwondoa kwanza.

Ndani ya miezi kumi na minne nyumba ilijaa tena. Yalibadilika mambo mawili. La kwanza, alinunua kufuli na hakuna aliyeingia tena, hata mimi, hata binti wa jirani aliyekuwa akimletea maji. Tulizungumza kwenye kizingiti, amesimama mlangoni kwa ubavu. La pili sikulijua hadi Machi 2021, mvua zikiwa kubwa, majirani walipoona siku ya pili hajatoka, wakavunja mlango. Alikuwa ameanguka chumbani. Rundo la zamani aliliachia njia. Hili jipya lilikuwa limepangwa kama ukuta, na njia haikuwapo.

Sasa mjomba anaandika "tumsaidie kama tulivyomsaidia dada yake."

Kwenye kundi wanasema hii ni tabia, si ugonjwa. Na kama ni ugonjwa basi ni wa Wazungu, wenye nyumba kubwa na fedha za kununua wasichohitaji. Wengine wanasema ni uchoyo. Shangazi mmoja, kwa ujumbe wa sauti ili usibaki kwa maandishi, amesema tuangalie kama hakuna kitu kingine mle ndani, na sote tunajua anamaanisha kitu gani, na tunajua bibi kizee akishaitwa jina hilo huwa inaishia wapi.

Lugha yetu nayo haisaidii. Mtu anayeshindwa kutupa kitu tunamwita nani? Kulimbikiza, kuhodhi, kulangua: maneno haya waliomzidi umri mjomba waliyasikia redioni mwaka 1983, Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na khanga vilikuwa vya foleni, na kukutwa na katoni zisizo na maelezo ilikuwa kesi. Watu walitupa mali usiku. Mama Mkubwa alikuwa mke mdogo wakati ule na aliniambia mara moja, akicheka, kwamba alizika miche ya sabuni chini ya shina la mpapai, na baadaye akaogopa kuifukua hadi ikayeyukia ardhini. Tuliikuta sabuni nyumbani mwake mwaka 2019. Miche mingi, imekauka na kupasuka kama ardhi ya Oktoba. Ilikwenda tripu ya pili.

Kabla ya hapo kulikuwa na Operesheni. Kusini kwetu watu walihamishiwa vijijini katika miaka ya 70, na aliyehama alihama na alichoweza kubeba. Waliacha nyumba na waliacha mikorosho ikamezwa na pori. Mwaka wa mavuno wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, na katikati ya miaka ya 80 ikawa chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja sababu kadhaa, bei na ugonjwa wa ubwiriunga zikiwemo, lakini umbali kati ya mkulima na miti yake haukosekani kwenye orodha. Msichana aliyeona mama yake akichagua kati ya kinu na mlango, kipi kipande lori, akawa mzee ambaye hatoi mlango wa mtu. Sidai kwamba historia ndiyo iliyomfanya arundike. Wengi walihamishwa na nyumba zao ni safi. Nasema tu kwamba kila kitu mle ndani kilikuwa na hoja, na hatukumwomba hata hoja moja. Tulifundishwa sote kwamba akiba haiozi, kisha tukamshangaa aliyeamini.

Hata ile mifuko ya rambo. Tangu Juni 1, 2019 ni marufuku nchini, kwa hiyo Mama Mkubwa alikuwa, kisheria, na ghala la haramu lililokunjwa kwa nidhamu kubwa kuliko ofisi nyingi nilizowahi kuingia.

Kuhusu Wazungu: ndiyo, wanao. Machi 1947 polisi wa New York waliingia nyumba ya ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, mtaa wa Harlem. Homer alikuwa kipofu. Walimkuta amekufa. Langley walimkuta Aprili, hatua chache tu kutoka kwa nduguye, ameangukiwa na mtego alioutega mwenyewe katikati ya marundo. Vilitolewa vitu vya zaidi ya tani 100. Mwaka uleule wa 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea yetu. Walinunua matrekta yaliyobaki vitani, wakageuza hata vifaru kuwa matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kubebea karanga ambazo hazikuja. Mwaka 1951 wakaacha, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 30, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60. Vyuma vyao vilibaki porini na watoto wa Nachingwea walikua wakivichezea. Hakuna aliyewaita wagonjwa wala wachawi. Ule uliitwa mpango wa maendeleo.

Lakini nisikimbilie mzaha. Madaktari wa Marekani wameuorodhesha ugonjwa huu peke yake tangu 2013, na Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha mpya ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Alama yake ni mtu kuumia anapoachana na kitu, kiwe na thamani au kisiwe nayo, na huzidi umri unapokwenda. Randy Frost na Gail Steketee, waliousoma kwa miaka mingi, wanaeleza habari ya idara ya afya ya mji mmoja mdogo iliyotumia dola 16,000, sehemu kubwa ya bajeti yake, kuzoa nyumba moja. Mwaka mmoja na nusu baadaye nyumba ilikuwa vilevile. Niliposoma hilo nilicheka kwa uchungu. Mimi nilipata matokeo yaleyale kwa laki na ishirini. Tiba waliyoiandaa wao ina vikao vipatavyo 26, na baadhi hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, katikati ya vitu vyake, akishika mwenyewe na kuamua mwenyewe.

Vikao 26. Sisi tulitaka Jumamosi moja.

Nani Ruangwa atafanya vikao? Swali hilo mjomba ameliuliza kwa kebehi, nami namjibu kwa umakini, kwa kuwa linafanyika. Kuna dada mmoja, hataki nimtaje, aliyewahi kufanya usafi wa vyumba gesti, kisha akamuuguza mama yake aliyekuwa anasahau mpaka alipofariki. Tangu miezi mitano iliyopita anakwenda kwa Mama Mdogo Jumanne na Ijumaa, asubuhi hadi adhuhuri. Namlipa elfu nane kwa siku. Hana cheti. Ana mikeka mitatu. Anaitandika uani: wa kubaki, wa kutoka, na wa kusubiri. Kitu hakitoki ndani ila kwa mkono wa Mama Mdogo. Yeye anauliza tu, "Hiki tukiweke wapi, Mama?" Nilimsikiliza siku nzima na sikumsikia hata mara moja akiuliza, "Hiki cha nini?"

Siku ya kwanza alikuwa mkali. Alisema mambo matatu hayajadiliwi: njia ya mlangoni, chakula kilichooza, na moto. Koroboi ilitoka siku hiyohiyo, ikaingia taa ya sola. Mama Mdogo alinuna wiki mbili. Mengine yote yanakwenda kwa mwendo wake, na mwendo wake, nakiri, unatia hasira. Kuna Ijumaa walimaliza na vitu vitatu kwenye mkeka wa kutoka, na kimoja kikarudishwa ndani usiku. Wiki inayofuata kikatoka tena, safari hii chenyewe, dada hajafika hata kukiuliza. Magazeti yalichukua mwezi mzima kwa sababu yalisomwa. Ming'oko iliyokaushwa, imekuwa migumu kama mawe, ilijadiliwa kama mirathi.

Ndiyo, baada ya miezi mitano ni chumba kimoja tu kinachoonyesha sakafu. Mjomba aliona hicho akasema fedha zinaliwa. Nimeshapiga hesabu nimsaidie: wiki 20, siku 40, shilingi 320,000. Karibu mara tatu ya kirikuu. Ila mlango wa Mama Mdogo hauna kufuli mchana. Binti wa jirani anaingia. Nilipokwenda mwezi uliopita nilikaa ndani, kwenye kigoda, nikanywa chai, na yeye akanionyesha kitambulisho cha marehemu mumewe walichokuta ndani ya soksi. Kwa Mama Mkubwa laki na ishirini ilininunulia kizingiti.

Huduma hii inapaswa kuwa kazi, yenye malipo na mafunzo, na isiwe hisani ya dada mmoja anayeweza kuolewa Tunduru mwezi ujao. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Tuna maafisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri, wachache na wenye mafaili mengi. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaobisha hodi kuuliza habari za chandarua, uzazi na kifua kikuu, na swali moja zaidi lisingewaua. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamwezesha afisa afya kukuamuru uondoe kero. Haimpi mtu wa kukaa nawe mkekani. Nchi yetu inaujua usafi wa kampeni: Desemba 9, 2015 tulifuta sherehe za Uhuru tukashika fagio, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukaendelea kufagia. Nilifagia pia, na sijutii. Lakini mtaro hauna kumbukumbu. Tukiingia nyumbani kwa mzee kwa roho ya kufagia mtaro tunafanya kosa ambalo halionekani kwenye picha.

Na wenye virikuu, wanaoanza kuita kazi yao usafi wa kitaalamu, sina ugomvi na riziki yao. Naomba waache kupatana kwa tripu. Wapatane kwa siku, mwenye nyumba awepo, kila karatasi isomwe na mtu kabla ya kuchomwa, na skrepa ipimwe mbele ya mwenyewe na fedha awekewe mkononi. Anayeona masharti hayo ni mzigo, basi abebe mchanga na tofali, ambavyo havina mtu ndani yake.

Mjomba amenipigia simu jana. Hakufoka. Alisema anaogopa moto, na kwamba dada mmoja alimzika bila kumwona uso. Nikamwambia taa ni ya sola sasa. Alikuwa hajui. Tukakaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema michango imeshakusanywa na dereva ameshapewa advansi, nyumba ya familia si ya mtu mmoja kukataa.

Dereva nimempata kwa urahisi, ni yuleyule wa Nachingwea. Alinikumbuka. Nimemlipa tripu nzima asije Jumamosi. Amenishukuru, halafu akauliza kama namba ya siku nyingine yoyote nitampa mimi au atapewa na mjomba. Jumamosi alfajiri nitapanda gari la kwenda Ruangwa hata hivyo. Mama Mdogo sijamwambia kwa nini nakuja. Ameniagiza nimletee kamba ya katani, mita kumi, ya kufungia vitu vya mkeka wa kusubiri.